Watoto Ambao Sikuwahesabu

Kwa miaka tisa nilikuwa katibu wa kanisa letu, na mojawapo ya kazi zangu ilikuwa kujaza daftari la mahudhurio kila Jumapili. Lilikuwa na safu ya tarehe, safu ya somo la siku, jina la mhubiri, idadi ya wanaume, idadi ya wanawake na kiasi cha sadaka. Nilihesabu mara moja tu, baada ya wimbo wa pili, kwa sababu wakati huo watu walikuwa wametulia, na walikuwa wametulia kwa sababu dakika chache kabla yake watoto walikuwa wametolewa kwa mstari pamoja na walimu wao kwenda chumba cha nyuma. Hesabu yangu ilianza baada ya mtoto wa mwisho kuvuka kizingiti. Walimu waliokwenda nao hawakuingia katika hesabu, wala akina mama waliokuwa nje wakibembeleza vichanga. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza sababu, na mimi mwenyewe sikujiuliza, maana daftari nililirithi kwa katibu aliyenitangulia na safu zake zilikuwa zimeshachorwa.

Nilianza kuyaona hayo baada ya dada yangu kufariki na kumwacha binti wa miezi 14. Mimi na mke wangu tulimchukua. Watoto wetu wawili walikuwa wameshakuwa wakubwa, na lazima nikiri kwamba nilikuwa nimewalea kama wanaume wengi wanavyolea, yaani kwa kulipia kilichohitajika na kuuliza jioni kama wote wameshalala. Mke wangu ni muuguzi, na zamu zake za miezi ile ziliangukia Jumapili. Kwa hiyo, nikiwa na umri wa miaka 52, nilikwenda ibadani kwa mara ya kwanza nikiwa nimebeba mtoto begani, mkononi nikiwa na mfuko wa nepi na chupa, na daftari la mahudhurio nimelibana kwapani.

Mpwa wangu alivumilia nyimbo mbili. Wakati wa kuhesabu ulipofika alikamata kalamu, akaikataa nafasi yake magotini, akajinyoosha mwili mzima kama mtoto anayetaka kuteremka, kisha akaanza kulia katikati ya sala ya toba. Mzee wa zamu alikuja kwa hatua za taratibu, akanigusa bega, akanionyesha mlango kwa kidole bila kusema neno. Sikuwa na haki ya kumkasirikia. Miaka mitatu nyuma baraza la wazee lilikuwa limeazimia kwamba wenye watoto wanaolia waombwe kutoka nje ili ibada isivurugwe, na azimio hilo niliandika mimi katika muhtasari wa kikao. Nakumbuka nilivyoifuta sentensi mara mbili ili isomeke kwa adabu zaidi.

Nje, chini ya dirisha la upande wa mashariki, niliwakuta watu sita. Watatu walikuwa akina mama wenye watoto wachanga, mmoja alikuwa bibi aliyemlea mjukuu, na wawili walikuwa wasichana wanaofanya kazi za ndani katika nyumba za waumini wenzetu. Walinisogezea nafasi kama anavyosogezewa mgeni. Mahubiri yalitufikia kwa vipande: jina la nabii, kisha kilio cha mtoto wa jirani, kisha kicheko cha waliokuwa ndani kuhusu jambo ambalo sisi hatukulisikia. Mmoja wa wale wasichana alikuwa amemfunga mtoto mgongoni na mwingine amemshika mkono, na alikuwa akiyumba polepole kwa mwendo wa mtu ambaye mwili wake umeshazoea kuyumba hata akiwa hana mtoto. Aliponiamkia nikamwitikia, nikamuuliza ni muda gani amekuwa akisimama pale.

“Tangu nianze kazi, mzee. Huu ni mwaka wa tatu.”

Nikamuuliza kama huwa anasikia mahubiri.

“Nyimbo nasikia,” akasema. “Nyimbo zinatoka vizuri.”

Msichana yule alikuwa amefika kanisani kwetu karibu kila Jumapili kwa miaka miwili na zaidi, na katika daftari langu hakuwa amehudhuria hata mara moja.

Nilirudi nyumbani nikafungua Injili ya Marko sura ya 10, aya ya 13, ambayo tumeisoma katika kila sikukuu ya watoto na kila ubatizo wa watoto wachanga. Inasema kwamba watu walimletea Yesu watoto wadogo ili awaguse, na wanafunzi wake wakawakemea. Siku zote nilikuwa nimelisoma neno hilo “wakawakemea” nikiona wanafunzi wakiwafukuza watoto. Safari hii nilisimama hapo, kwa sababu Kiswahili hakituambii ni nani waliokemewa: kiambishi kile kinaweza kuwa cha watoto, na vilevile kinaweza kuwa cha wale waliowaleta. Luka, anaposimulia habari hiyohiyo katika sura ya 18, anasema waliletwa watoto wachanga. Mtoto mchanga haji kwa miguu yake wala hakemeki. Aliyesimamishwa njiani alikuwa mtu mwenye mtoto mikononi, na kwa kumzuia yeye, mtoto naye alikuwa ameshazuiwa, bila mtu yeyote kuhitaji kusema neno baya juu ya watoto. Marko anaeleza kwamba Yesu alichukizwa sana. Hatumwoni akichukizwa hivyo mara nyingi katika Injili, na hapa waliomchukiza ni watu wake wa karibu, waliokuwa wakilinda utaratibu wa mkutano wake.

Nimesikia maelfu ya maneno mema kuhusu watoto kutoka mimbarani. Tunawaita baraka, tunawaita kanisa la kesho, na nadhani wanaosema hivyo wanamaanisha. Shida yangu ni kwamba mtoto wa miaka miwili hana kesho anayoweza kuiishi peke yake. Ana mtu. Anakula kwa mkono wa mtu, analala kwa sauti ya mtu, anajifunza kama dunia ni mahali salama kwa kuangalia uso wa mtu, na kama mtu huyo amechoka, amedharauliwa, au amesimama juani saa mbili nzima bila kiti, basi hayo ndiyo mazingira ya mtoto, hata tungemwimbia nyimbo gani. Daktari wa Uingereza John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti mwaka 1951 kuhusu watoto waliotenganishwa na familia zao, na pamoja na kusisitiza kwamba mtoto mchanga anahitaji uhusiano wa upendo na wa kudumu na mama yake au mtu anayeshika nafasi ya mama, alisema pia kwamba jamii inayowathamini watoto wake haina budi kuwatunza wazazi wao. Sehemu ya kwanza ya maneno yake ilienea kote, ikatumiwa hata kuwalaumu akina mama wanaofanya kazi. Sehemu ya pili naisikia ikitajwa mara chache mno.

Jamii kwa ujumla inahesabu kama nilivyokuwa nikihesabu mimi. Mwaka 1934 mchumi Simon Kuznets alipowasilisha mbele ya Baraza la Seneti la Marekani hesabu ya pato la taifa hilo, alieleza wazi kwamba huduma za akina mama wa nyumbani ameziacha nje. Mataifa yakaendelea hivyo: mtu akilipwa kumlea mtoto wa mwenzake, kazi hiyo inaingia katika pato la taifa, lakini akimlea wa kwake haiingii, ingawa kukesha ni kulekule na mtoto ni mtoto. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba binadamu hutumia saa bilioni 16.4 kila siku katika kazi za kutunza watu na nyumba bila malipo, na kwamba zaidi ya robo tatu ya saa hizo ni za wanawake. Nilipozisoma takwimu hizo sikushangaa kama ambavyo ningeshangaa mwaka mmoja kabla, kwa kuwa wakati huo nilikuwa nimeshaamka saa tisa usiku mara nyingi kumpima homa mtoto asiyeweza kuniambia panapomuuma, na asubuhi nikiulizwa kazini nilifanya nini jana nilijibu kwamba sikufanya kitu.

Basi, Biblia yenyewe nayo ina aya inayofanana na daftari langu. Mathayo 14:21 inasema kwamba waliokula siku ile ya mikate mitano walikuwa wanaume wapata elfu tano, bila wanawake na watoto. Watoto na mama zao walishiba, lakini idadi yao haikuandikwa. Wakati huohuo ni Yohana, katika sura ya 6, anayetuambia kwamba ile mikate na wale samaki vilitoka kwa mtoto. Napenda kufikiri juu ya nani aliyemfungia mtoto yule chakula asubuhi ile, ingawa Maandiko hayasemi na mimi sina haki ya kuongeza.

Ipo hesabu nyingine niliyoikuta baadaye, nayo ilinigusa mimi kama karani kuliko mahubiri yoyote. Kitabu kinachoitwa Hesabu kinaanza kwa kuwaandika wanaume wa miaka 20 na zaidi, wote wanaoweza kwenda vitani, na hiyo ni hesabu inayoeleweka kwa mtawala yeyote. Lakini katika sura ya 3, Musa anapoambiwa awahesabu Walawi, kabila la kuhudumu hemani, anaambiwa aanze na mwenye umri wa mwezi mmoja. Wana wa Kohathi, mojawapo ya koo za Walawi, wakafika 8,600, na andiko linawataja wote, vichanga wakiwemo, kuwa wenye ulinzi wa mahali patakatifu. Ni kweli kwamba hesabu hiyo nayo ilikuwa ya wanaume tu, na hilo silifichi. Hata hivyo, pale palipohusu nyumba ya Mungu, mtoto wa mwezi mmoja, ambaye hawezi hata kushika shingo yake, aliandikwa kuwa mlinzi. Sisi tulikuwa tumefanya kinyume: tulitumia hesabu ya vita ndani ya hema.

Kuanzia hapo nikawa nawatafuta walezi katika Maandiko, na nikashangaa kuona wako wengi na jinsi nilivyokuwa nimewapita. Mama yake Musa aliajiriwa na binti Farao kumnyonyesha mtoto wake mwenyewe na kuahidiwa mshahara, na nabii mkubwa kuliko wote wa Agano la Kale alikua katika mikono iliyolipwa. Debora, yaya wa Rebeka, alipokufa alizikwa chini ya mwaloni karibu na Betheli, na mti ule ukaitwa mwaloni wa kilio. Kifo cha Rebeka mwenyewe hakisimuliwi, lakini cha yaya wake kimeandikwa katika Mwanzo 35, pamoja na mahali alipolala na machozi aliyoliliwa. Yoashi, mtoto wa pekee aliyebaki katika uzao wa kifalme wa Daudi baada ya bibi yake Athalia kuwaua wengine, alifichwa miaka sita katika nyumba ya Bwana, na alifichwa pamoja na mlezi wake. Jina la mlezi huyo hatulijui. Alikaa hekaluni miaka sita akimlea mtoto kimya kimya, na sisi tulikuwa na azimio la kikao linalomtoa mlezi nje baada ya dakika mbili za kilio.

Mmoja kati yao nilikuwa nikimjua tangu utotoni, naye ni yule anayetajwa katika 2 Samweli 4:4. Mefiboshethi, mwana wa Yonathani na mjukuu wa mfalme Sauli, alikuwa na miaka mitano habari ya kifo cha baba na babu yake ilipofika, mlezi wake akamchukua akakimbia, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa kiwete. Mlezi huyo siku ya hatari hakumwacha. Kinachokumbukwa ni kwamba alimwangusha.

Jambo hilo nililishuhudia kwa macho yangu mwaka wa pili wa kusimama nje. Mvulana mmoja aliteleza kwenye ngazi za kanisa akapasuka juu ya jicho. Aliyekuwa naye ni dada wa kazi wa nyumba yao, msichana yule wa nyimbo, ambaye wakati huo alikuwa na mwingine mgongoni na wa tatu, asiye wa nyumba ile, amemshika kwa kuombwa na mama yake aliyekuwa anaimba kwaya. Damu ilipoonekana, watu waliotoka ndani walikuwa wengi, na swali lilikuwa moja kutoka vinywa vingi: yaya alikuwa wapi? Alikuwa palepale, amepiga magoti, amekandamiza kidonda kwa kanga yake mwenyewe kwa namna ambayo mke wangu, alipokiona baadaye, alisema ndiyo iliyostahili. Hakuna aliyemuuliza jina. Mtu mmoja alisema kwa sauti kwamba wasichana wa siku hizi hawana uangalifu, na mimi, ambaye nilijua kuwa kwa miaka mitatu mvulana yule hakuwahi kuanguka hata siku moja, nilinyamaza kwa sababu mwajiri wake alikuwa mzee mwenzangu wa kanisa. Ukimya ule bado unanisumbua kuliko azimio lile la kikao, kwa kuwa azimio niliandika nikiwa sijui.

Nilikwenda kumwomba radhi siku nne baadaye. Alinisikiliza akiwa anakunja nguo, akasema, “Haidhuru, mzee,” kisha akaniuliza kama Jumapili ijayo ningeweza kumshikia mtoto wakati wa Meza ya Bwana, maana tangu aje hapo alikuwa hajawahi kushiriki. Sikuwa nimewahi kuliwaza jambo hilo. Tulikuwa na dada aliyebatizwa, anayefika kila juma, aliyekosa Meza ya Bwana kwa karibu miaka mitatu, si kwa kutengwa na kanisa wala kwa kosa lolote, ila kwa sababu mikono yake ilikuwa na watoto wetu.

Hapo pia ndipo nilipoelewa kwamba Jumapili kwake ilikuwa siku ya kazi, na kwamba alifanya kazi hiyo mbele ya nyumba ya ibada, kwa ajili ya watu waliokuwa ndani wakisomewa Amri Kumi. Amri ya sabato katika Kutoka 20 haimtaji mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, hata mgeni aliye malangoni. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani, unataka wapate mapumziko ya juma yasiyopungua saa 24 mfululizo, na kwamba wasilazimishwe kubaki nyumbani kwa mwajiri wakati huo. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba mkutano wa kazi duniani ulilazimika kuandika mwaka 2011 kile ambacho waumini walikuwa nacho katika kitabu chao tangu kale.

Chumba cha nyuma nilikiingia kwa mara ya kwanza mpwa wangu alipofikisha miaka mitatu na kukataa kuniacha mlangoni. Kilikuwa stoo. Kando ya ukuta mmoja kulikuwa na mabenchi yaliyovunjika yamepangwa hadi karibu na dari, ngoma mbili zilizopasuka ngozi, na bango la mkutano wa injili uliokwisha zamani. Katika nafasi iliyobaki walikaa watoto zaidi ya 40, wakubwa na wadogo pamoja, juu ya mikeka, na mbele yao mwalimu mmoja mzee na wasaidizi wawili. Alikuwa akisimulia habari ya Samweli kuitwa usiku. Kila alipofika pale Samweli anapoamka na kwenda kwa Eli, aliwaacha watoto waseme wenyewe, “Mimi hapa,” na mtoto mmoja, ambaye kigugumizi chake kilikuwa kizito, alisubiriwa na chumba kizima hadi akamaliza maneno yake mawili. Hakuna aliyecheka wala aliyemsaidia kuyamaliza. Nimekaa katika vikao vya wazee kwa miaka mingi na sijawahi kuona mtu akisubiriwa namna ile.

Nilipomuuliza mwalimu bajeti yake ya mwaka alinitazama kama mtu asiyeelewa swali. Karatasi na rangi alinunua mwenyewe. Nilipekua hesabu zetu za miaka iliyopita nikaona kwamba shule ya Jumapili haikuwa na kifungu chochote, wakati vyombo vya muziki vilikuwa na kifungu chake na mapambo ya madhabahu yalikuwa na chake. Inafaa ikumbukwe kwamba Robert Raikes alipoanzisha shule yake ya Jumapili huko Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, kwa ajili ya watoto waliofanya kazi siku sita za juma, aliwalipa wanawake waliofundisha. Sidai kwamba kila anayefundisha watoto leo alipwe, wengi wangekataa. Ninachosema ni kwamba wale walioanza kazi hii hawakuiona kuwa ni kazi ya bure inayofanywa na aliyekosa nafasi kwenye kwaya.

Nililipeleka jambo hilo kwenye baraza, na majadiliano hayakuwa mepesi. Wazee wawili walisema kwamba utulivu wa ibada nao ni haki ya waumini, hasa wazee wasiosikia vizuri na watu waliokuja na huzuni zao wakitafuta dakika chache za kimya. Hoja hiyo ni ya kweli na sikuipinga. Mwingine alisema watoto hawaelewi kinachohubiriwa hata wakikaa ndani. Hiyo niliipinga, kwa sababu nabii Yoeli alipoita mkutano mtakatifu aliagiza wakusanywe hata wanyonyao, ambao hakika hawakuelewa tangazo la mfungo, na kwa sababu mpwa wangu, aliyekuwa hajui hata kuhesabu hadi tatu, alikuwa ameshajua kufumba macho watu wanapoomba. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote aliuliza kwa nini chumba cha watoto kina mlango mmoja wa mbao usio na kioo, uko nyuma ya jengo, na hakuna mzee anayepita huko. Swali hilo lilibadilisha hewa ya kikao. Tunaishi baada ya miaka mingi ya taarifa za watoto waliodhulumiwa ndani ya makanisa ya madhehebu mbalimbali, na Papa Fransisko aliwaandikia Wakatoliki wote barua mwezi Agosti 2018 kwa sababu hiyohiyo. Tulikuwa tumewaweka watoto mahali ambapo mtu mwema haonekani na mwovu vilevile asingeonekana.

Yaliyobadilika ni machache, na baadhi yalichukua muda mrefu kuliko ilivyopaswa. Stoo ilihamishwa na chumba kikawekewa madirisha mapana. Hakuna mtu mzima anayekaa humo peke yake na watoto. Spika iliwekwa nje upande wa dirisha la mashariki pamoja na viti na kivuli. Azimio la kuwatoa wenye watoto lilifutwa, na mabenchi mawili ya mbele yakaachwa kwa ajili yao, kwa kuwa mtoto anayeona kinachofanyika hulia kidogo kuliko yule anayeona migongo ya watu. Wenye mikono mitupu walianza kuandikishwa zamu ya kushika watoto wakati wa Meza ya Bwana. Kilichokuwa kigumu kupita vyote ni kuwaomba waajiri wawape wafanyakazi wao Jumapili iwe yao, na hapo hatujafika. Wengine walikubali, wengine walituambia kwamba mambo ya nyumba zao hayahusu kanisa. Msichana wa nyimbo aliondoka kabla jambo hilo halijajadiliwa. Siku niliyomshikia mtoto alikwenda mbele, akapiga magoti mwishoni mwa mstari, akakaa pale kitambo kirefu baada ya wengine kuinuka, na mchungaji akamwacha akae.

Nilipochora safu mpya katika daftari, nilikwenda kwa mwalimu yule mzee kumwomba awe ananipa idadi ya watoto kila juma.

“Unataka ya Jumapili ipi, Katibu?” akauliza.

Nikadhani hakunielewa. Akaingia chumbani kwake akatoka na mfuko wenye madaftari kumi na moja ya kawaida, yale ya mistari. Alikuwa ameandika majina ya watoto kila Jumapili kwa miaka yote, na mbele ya baadhi ya majina aliweka maelezo mafupi kwa penseli: huyu haoni mbali, akae mbele, huyu amefiwa na baba wiki hii, huyu ana njaa akija, aulizwe taratibu. Majina ya walezi waliowaleta yalikuwemo pia, na la msichana wa nyimbo lilikuwemo, la kwanza na la ubini, limeandikwa bila kukosewa. Katika daftari la tano nilikuta jina la mwanangu wa kwanza, alipokuwa na miaka saba. Mbele yake palikuwa na maneno machache: amekuja peke yake, baba yuko ndani anahesabu.

Baraza limeniruhusu kunakili idadi zake katika daftari la kanisa. Maelezo ya penseli siyanakili, kwa kuwa ni ya watoto wenyewe na ya mwalimu wao. Kwa Jumapili ile ya mwanangu nilikuwa nimeandika wanaume 61 na wanawake 104. Pembeni, kwa wino wa rangi nyingine, sasa nimeongeza watoto 47, walimu 3 na walezi 5. Nafanya kurasa chache kila jioni mpwa wangu akishalala, na madaftari manne bado hayajafunguliwa.